Noti za zamani: Uzee pekee hauleti thamani

KATIKA maeneo ya majani chai kama Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, ambako bonasi ya mwaka ililipwa kwa pesa taslimu kwa muda mrefu kabla ya malipo ya simu, si ajabu noti ya zamani kupatikana katika sanduku la marehemu babu. Swali la kwanza huwa moja: je, ni mali?

Jibu hutegemea mambo matatu: nani aliitoa, ngapi zimesalia, na iko katika hali gani.

Nchini Marekani, kati ya 1863 na 1935, benki zaidi ya 12,000 zilitoa noti zenye majina yao na ya miji yao. Noti ya benki ya mji mdogo ikisalia moja au mbili, wakusanyaji huigombania. Kenya haikuwa na utaratibu huo. Hakuna noti yenye jina la Kebirigo wala Kisii, kwani utoaji uliwekwa mikononi mwa chombo kimoja.

Kabla ya Benki Kuu, chombo hicho kilikuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka wa 1919. Noti zake za florini za 1920 ni adimu mno, kwa kuwa shilingi ilichukua nafasi ya florini mwaka uliofuata. Zilizofuata zilikuwa na picha za Mfalme George V, George VI na Malkia Elizabeth II. Mnamo 1964 picha ya Malkia iliondolewa, ikawekwa mashua ya Ziwa Victoria.

Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza Septemba 14, 1966: za Sh5, 10, 20, 50 na 100, zikiwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Noti zenye picha ya Rais Daniel arap Moi zilianza 1980.

Noti inayopotosha wengi ni ile ya Sh1,000 iliyokoma kutumika Septemba 30, 2019. Benki Kuu ilitangaza kuwa noti 7,386,000 hazikurejeshwa. Benki haizipokei tena, na kitu kilichobaki kwa mamilioni hakiwezi kuitwa adimu. Aliyezificha akingoja utajiri amebaki na karatasi. Agizo hilo, hata hivyo, liligusa noti ya Sh1,000 pekee. Za Sh50, 100, 200 na 500 za toleo hilo la zamani hazikufutwa.

Hali ya noti huamua bei. Isiyowahi kukunjwa huweza kuuzwa mara kadhaa zaidi ya mwenzake iliyochakaa. Noti haifai kuoshwa, kupigwa pasi wala kubandikwa gundi, maana mnunuzi mzoefu hutambua mara moja. Katika nyanda za mvua nyingi kama Nyamira, unyevu huleta ukungu. Ni heri noti ilazwe bila kukunjwa ndani ya kitabu kikavu, mbali na sakafu na moshi.

Mwenye noti ajihadhari pia na madalali wanaoahidi mamilioni kisha wakadai ada ya usajili kabla ya kumfikisha kwa mnunuzi. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haitishi.