Eropleni Mbili za Southend

Huko Uingereza, katika mji wa Southend ulio karibu na mlango wa mto Thames, palikuwa na nyumba ya makumbusho ya eropleni. Ilifunguliwa mwaka 1972 kando ya kiwanja cha ndege, ikafungwa mwaka 1983, na mali yake ikanadiwa. Wako watu wazima leo waliopelekwa pale wakingali watoto, nao huikumbuka kwa mapenzi, kama mtu akumbukavyo nyumba ya bibi yake.

Labda utauliza, msomaji, hayo yatuhusu nini sisi wa Kenya. Yatuhusu, kwa maana mle zilikuwamo eropleni mbili za namna ambayo wazee wetu waliijua.

Ya kwanza ni Avro Lincoln. Ile ya Southend ilikuwa imetumiwa Uingereza kuchunguza jinsi barafu inavyoganda juu ya mabawa. Lakini nyingine za namna yake zililetwa Eastleigh, Nairobi, mwishoni mwa 1953, na hata 1955 zilikuwa zikiangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walimokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Aliyekuwa mtoto Nyeri siku zile hawezi kuikumbuka ngurumo yake kwa mapenzi ya mtoto wa Southend.

Ya pili, Blackburn Beverley, ilikuwa kioja kuitazama: tumbo kama ghala, mabawa ya futi 162 toka ncha hata ncha, na magurudumu yasiyokunjwa. Milango yake ya nyuma iliweza kuondolewa kabisa, mizigo ikasukumwa nje angani. Kikosi cha 30 kilikaa nazo Eastleigh tangu 1959 hata 1964. Mwaka 1961, ukame ulipofuatwa na mafuriko na barabara zikakatika, eropleni hizo ziliwaangushia chakula watu waliozingirwa na maji. Kiwanja ni kile kile na serikali ni ile ile. Kati ya bomu na gunia ilipita miaka sita tu.

Beverley zilizoundwa ni 49. Ile ya Southend ilibaki nje ikinyeshewa hata ikavunjwa mwaka 1989, kikaokolewa chumba cha rubani. Nzima imesalia moja tu duniani, nayo imekwisha kupoteza makao mara mbili, kwa kuwa makumbusho mawili yaliyoitunza yalifungwa. Kiwanja cha Eastleigh hakikufungwa. Hutumiwa na Jeshi la Anga la Kenya.