Ghala la Pembe na Makao ya Watu

Nyumba hujengwa kwa haja, na haja ikipita, nyumba huulizwa swali ambalo hata binadamu huliogopa: sasa wafaa nini? Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani maghala ya kale ya bandarini yamegeuzwa makao ya wenye mali. Jambo hilo lafaa kutazamwa kutoka Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika.

Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha shehena. Pembe za ndovu kutoka Manyema zilivushwa ziwa, na watumwa pamoja nazo. Kisha njia ilipita Tabora hata Bagamoyo. Nguo na shanga zilirudi kwa njia ile ile. Livingstone alipowasili Ujiji Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizopelekewa zimekwisha uzwa. Mali ya wafanyabiashara ilitunzwa katika nyumba za tembe, zenye kuta za udongo na paa bapa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, shughuli zilifuata bandari yenye kina, na udongo wa Ujiji ukarudi udongoni. Hapakuwa na ghala la kugeuza, mvua ilitangulia.

Unguja, faida ya pembe ilijengewa mawe. Aghalabu chini palikuwa pa biashara na akiba. Juu aliishi tajiri na jamaa zake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilitwaa majumba mengi ya Mji Mkongwe, ikawapa makao wananchi. Hata jumba la Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, limekaliwa na familia kadhaa. Wasio na paa walipata paa, na hiyo ilikuwa haki. Lakini matengenezo hayakupata mwenyewe: chokaa ilibanduka, boriti zikaoza. Mwaka 2000 mji uliingizwa katika urithi wa dunia, na majumba kadha yamekuwa hoteli. Basi maskini huponzwa na ukuta unaobomoka, na ukuta ukitengenezwa huponzwa na bei.

Si kosa ghala kuwa makao. Jengo lisilokaliwa hufa. Lakini hapana budi kulipa madeni mawili. Akaaye ndani awezeshwe kulitunza bila kufukuzwa. Na mpagazi na mtumwa wa njia ya Ujiji, ambao mabega yao yalibeba thamani ya mawe yale, wakumbukwe mlangoni. Kwao hakuna jumba lililobaki. Wana hilo tu.