Hukumu ya Umati: Wasikilizaji wa Mbina katika Usukuma

Elimu ya kuuthamini muziki huhesabiwa mara nyingi kuwa kazi ya darasa, lakini kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma inayouzunguka mji wa Mwanza, elimu hiyo ilikuzwa pia na watu wasiopiga ngoma wala kutunga nyimbo, yaani watazamaji wa mbina, jina la Kisukuma la mchezo wa ngoma pamoja na nyimbo zake.

Chanzo cha elimu hiyo ni mashindano ya vyama viwili vya ngoma vya karne ya 19, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvihusisha na mahasimu wawili mashuhuri kwa uganga, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, vikundi vya pande hizo mbili vilikutana na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi akawa yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtu aliyechoshwa na wimbo alivuka tu kwenda upande wa pili, na kwa kuvuka huko alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Wachezaji wenyewe waliamini kwamba dawa za mvuto ndizo zilizokusanya watu, na imani hiyo haipaswi kubezwa, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya wauchukulie mvuto wa msikilizaji kuwa jambo zito.

Kwa hiyo ningi, yaani mtunzi anayeongoza nyimbo za kikundi, alitunga akijua kwamba anasikilizwa na watu wanaomlinganisha na mpinzani wake papo hapo. Ni kweli kwamba macho nayo yalivutwa, kwani wachezaji wa nyoka, ambao chama chao huitwa Bayeye, waliweza kukusanya watu hata kabla wimbo haujakolea. Hata hivyo, nafasi ya kulinganisha nyimbo mbili zinazoimbwa kwa wakati mmoja ni mafunzo ya sikio ambayo madarasa mengi ya muziki hayana.

Mafunzo mengine yalipatikana shambani. Katika bugobogobo, ngoma ya wakulima ambayo Bagalu hujivunia kuwa yao, safu ya walimaji hupandisha na kushusha majembe kwa pamoja kufuata mapigo, na mapigo yanapobadilika jembe huzungushwa mkononi au kurushwa hewani na kudakwa kabla halijaingia tena ardhini. Anayechelewa hata kidogo huonekana na safu nzima, hivyo mkulima asiyejiita mwanamuziki alijifunza mdundo kwa mabega yake.

Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, aliyapa mashindano hayo makao mapya huko Bujora, karibu na Kisesa, alikoanzisha pia makumbusho ya Wasukuma, na akayaunganisha na Bulabo, sherehe ya Ekaristi Takatifu inayofanyika Juni. Hatua hiyo ilizileta ngoma zenye asili ya uganga kando ya kanisa, jambo lililohitaji ujasiri kwa mmisionari wa zama zile. Wakati Chuo cha Ualimu Butimba, ndani ya Mwanza, kimewaandaa walimu wa muziki kwa ajili ya shule, viwanja vya Bulabo bado hukutanisha Bagika na Bagalu mbele ya wakazi wa mjini, ambao wengi wao hawajawahi kusoma muziki, na ambao huchagua wenyewe upande wa kusimama.