Kipaza sauti kimfaacho mwalimu wa densi

Mwalimu wa densi anayeshindana na muziki kwa koo lake hupwelewa na sauti kabla ya juma kwisha. Kinachomfaa ni kipaza sauti kisicho na waya, cha kuvaliwa kichwani. Cha mkononi humnyima mkono wa kuonyeshea mitindo, nacho cha kubanwa kifuani hunasa muziki pamoja na maneno. Kivikwe sponji, kwani jasho huharibu mengi.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti, hesabu ya "moja, mbili" ikafika mguu umekwisha kukanyaga. Mitambo ya UHF ni bora, mradi masafa yake yawe yameruhusiwa nchini.

Muhimu zaidi, sauti ya mwalimu na muziki kila kimoja kiwe na kitufe chake. Spika zielekezwe kwa wanafunzi, mwalimu akisimama nyuma yake. Akipita mbele, mlio mkali hutoboa masikio.