Mombasa kwa Jicho la Nyamira: Kutua Bara, Kuvuka Kisiwani

Chai ya Nyamira imeizoea Mombasa kuliko walioichuma. Tangu mnada wa chai ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969, mazao ya viwanda kama Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo huteremshwa Pwani, yakapigiwa bei na kupakiwa melini. Mkulima mwenyewe akijaliwa safari hupanda basi la usiku, na kesho yake anashuka Mwembe Tayari miguu imemvimba. Wanaokwenda kwa ndege ni wachache. Kiwanja cha Suneka, nje ya mji wa Kisii, ni cha ndege ndogo. Wengi huanzia Kisumu, na mara nyingi hubadilisha ndege Nairobi.

Njia hiyo ya angani si ya jana. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, zikipitia Kisumu. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini, zilizotoka Southampton hadi Durban. Zilishuka ziwani Kisumu, kisha Mombasa, kisha Dar es Salaam. Enzi hizo Mkisii wa Nyamira aliyetaka kuiona bahari alipanda meli ya ziwani Kendu Bay au akaenda kwa miguu hadi Kisumu, ndipo akaingia garimoshi. Ndege zilikuwa za maafisa, barua na wenye fedha.

Uwanja wa Mombasa wenyewe ni mtoto wa vita. Wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini waliujenga Port Reitz wakati wa Vita Kuu ya Pili, upande wa bara, magharibi ya kisiwa. Jeshi lilitaka mahali pa ndege kutua. Abiria atafikaje mjini halikuwa swali lake. Mwaka 1979 uwanja ulipanuliwa kuwa wa kimataifa na kupewa jina la Moi. Njia yake kuu ya kurukia ina urefu wa mita 3,350, inayotosha ndege kubwa kutoka Ulaya moja kwa moja. Watalii walimiminika, na wakati wa kurudi baadhi yao walibeba viboko na visahani vya mawe laini ya Tabaka, Kisii. Kwa hiyo kazi ya mikono ya Wakisii imepanda ndege mara nyingi bila mchongaji kuiona hata ngazi yake.

Ila kutua si kufika. Mji wa kale na soko kuu viko kisiwani, hoteli nyingi ziko kaskazini na kusini yake, na kati ya sehemu hizo kuna maji.

Kuzunguka kisiwani penyewe kuliwahi kuwa kioja. Kuanzia miaka ya 1890 palikuwa na troli zilizotembea juu ya reli nyembamba, kati ya mji wa kale na Kilindini. Hazikuwa na injini wala punda. Abiria alikaa kwenye benchi chini ya kitambaa cha kivuli, na wanaume wakaisukuma troli kwa nyuma, wakikimbia juani. Wakubwa walikuwa na troli zao wenyewe, na reli za kuchepuka hadi nyumbani kwao. Magari yalipozidi katika miaka ya 1920, troli zikatoweka. Wanaozisimulia kama burudani husahau jasho la wasukumaji.

Kutoka kisiwani, kila upande ulipata dawa yake. Kaskazini, daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, watu wakilipia kupita, hadi lilipopokewa na la zege mwaka 1980. Magharibi kulikuwa na tuta la Makupa. Mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na daraja linaloyaacha maji ya mkono wa bahari yapite tena. Kusini hakukuwa na daraja. Feri imevusha watu Likoni tangu 1937, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, kivuko cha jirani, ilipinduka na watu 272 wakafa. Ni wengi mno kwa mkondo ambao mtu wa ng'ambo unaweza kumwona akikupungia mkono.

Mgeni anayetua leo hupata teksi mlangoni, au hutoka hadi barabarani kutafuta tuktuk na matatu ya kuelekea Changamwe, kisha mjini. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka 2017 nayo huishia Miritini, vilevile bara. Abiria wake anashuka na mizigo akitafuta gari la kumvusha. Aliyekwenda Diani, pwani ya kusini, alilazimika kupita kisiwa kizima ili apange foleni Likoni, ndiyo maana kiwanja kidogo cha ndege cha Ukunda, jirani na Diani, kilipendwa na wenye uwezo. Sasa barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja marefu ya Mwache na Mteza, inatoka Miritini hadi kusini bila kugusa kisiwa, na dereva wa Diani anaweza kumpeleka mgeni wake ufukweni bila kuiona feri.