Masika, kilimia na karanga za Kongwa

Kila mwaka masika yakikaribia, sisi waandishi huitwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kusikiliza mwelekeo wa mvua za Machi hadi Mei. Kuna ramani yenye rangi, kuna taarifa iliyochapwa, kuna maswali mawili matatu, halafu kila mtu anakimbilia chumba cha habari. Ukitaka kujua kesho yake magazeti yatasema nini, huhitaji mtabiri. Yatasema mvua itakuwa "wastani hadi juu ya wastani". Kama mambo si mazuri, yatasema "wastani hadi chini ya wastani". Nimeshaandika sentensi hiyo mara kadhaa, tena kwa haraka, huku mhariri akiniuliza picha iko wapi. Basi nikaanza kujiuliza: hivi hii "wastani" ni kitu gani, na nani alianza kumwambia mkulima mvua ya miezi mitatu ijayo?

Tuanze na neno lenyewe maana ndilo linalotuponza. Wengi wetu tuliosoma mjini tukisikia wastani tunaelewa "ya kutosha". Sivyo, wadau. Kwenye taarifa za mamlaka, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi wa mahali husika. Haya, fanya hesabu. Kama kijiji fulani kimezoea kupata milimita 400 masika nzima, basi milimita 300 ni wastani, na milimita 500 nayo ni wastani! Mkulima wa kwanza na wa pili wamepewa utabiri uleule, na utabiri umetimia kwa wote wawili, lakini mmoja anavuna na mwingine anaangalia mahindi yakijikunja. Hapo hatujagusa suala la lini. Milimita 400 zikimwagika zote ndani ya wiki mbili za Aprili, kwenye vitabu ni msimu mzuri kabisa.

Wazee wa pwani walikuwa na utabiri wao. Walitazama kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana ambalo jina lake limetoka kwenye kulima. Methali inasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Shuleni tulifundishwa methali hii kama fumbo la maisha, leo shida kesho raha, na mambo kama hayo. Mimi naisoma vilevile ilivyo. Kilimia huzama magharibi jioni kuelekea Mei, kinapotea kwenye mwanga wa jua, halafu Juni kinaonekana tena alfajiri upande wa mashariki. Methali inakwambia uangalie hali ilivyo kikizama, utajua itakavyokuwa kikizuka. Sidai kwamba inapatia kila mwaka. Nasema ina ishara, ina muda, ina matokeo, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuihakiki. Kuna utabiri mwingi wa kisasa usio wazi kiasi hicho.

Sasa twende Kongwa, ambako watu wenye shahada na ndege walipanga kilimo bila kujua mvua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki kwa mashine, kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka wiki tisa hivi, sehemu kubwa wakitazama nchi kwa ndege. Na walizunguka katikati ya mwaka. Anayeijua Dodoma anajua maana yake. Kule hakuna vuli na masika kama Tanga au Dar es Salaam, kuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katikati ya mwaka ni kiangazi kikavu. Watu walienda kuchagua shamba la mamilioni ya ekari wakati ambao mvua haipo!

Wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ndiyo ikaanza mwaka 1947. Takwimu za mvua za eneo lile zilikuwa chache mno. Huduma ya hali ya hewa ya Waingereza kwa Afrika Mashariki ilikuwa imeanzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi, na vipimamvua vilikuwa zaidi pale walipokuwapo watu wa kuvisoma: maboma, misheni, mashamba ya walowezi. Kongwa ilikuwa na pori. Sasa ukichukua wastani wa ukanda ule, karanga zinawezekana. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karanga zinaweza kuishi na kiasi hicho zikipata kwa wakati wake. Ila Dodoma ni nchi ambayo mwaka mmoja unapata nyingi, mwaka unaofuata unapata nusu, na katikati ya msimu mvua inaweza kukata wiki tatu. Wastani ule haukuwa uongo, ila haukuwahi kunyesha.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000, wakapanda kama 7,500. Matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita yalikufa kwenye visiki. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama sakafu, na karanga, tofauti na mtama, inabidi uzichimbe chini. Ukame nao ukapiga. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango ule, ikafuta karibu pauni milioni 36. Kongwa ikabaki na ranchi ya ng'ombe, na miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Linaloniuma mimi ni kwamba taarifa ilikuwepo. Wagogo walikuwa wakilima mtama na uwele, si kwa kukosa akili ya kulima kingine. Walikuwa na watemi ambao kazi yao kubwa ilikuwa mvua. Na walikuwa na Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, pale ukame ulipokuta nafaka, ng'ombe na wanaume wameshachukuliwa na majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Mtunya, mwaka 1946 alikuwa hajafika hata 50. Walikuwa wamejaa tele vijijini. Swali moja tu, "mzee, hapa mvua hukosa kila baada ya miaka mingapi?", lingeweza kuokoa fedha nyingi kuliko matrekta yote.

Sayansi ya utabiri wa msimu yenyewe ilizaliwa kwenye njaa, India. Baada ya njaa ya 1876 hadi 1878, Henry Blanford alijaribu kutabiri mvua za monsuni kwa kuangalia theluji ya milima ya Himalaya. Mrithi wake, John Eliot, alitabiri mvua nzuri mwaka 1899. Mvua ikakosekana, watu wakafa kwa wingi wa kutisha. Gilbert Walker, mwanahisabati, alipoichukua kazi hiyo mwaka 1904 alikusanya takwimu za dunia nzima, akagundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande mmoja wa bahari za tropiki hushuka upande mwingine, kama pembea. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes akaiunganisha pembea hiyo na joto la Bahari ya Pasifiki. Ndiyo hiyo El Nino.

Sisi tulilijua jina hilo kwa shuruti. Vuli ya 1997 mvua ilipiga Kenya na Tanzania mpaka barabara, madaraja na reli vikaenda na maji, na homa ya Bonde la Ufa ikafuata. Tangu hapo mvua yoyote ikizidi siku tatu mtu wa Manzese anasema "elinino hiyo". Februari 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki walikutana Nairobi kwa kongamano la kwanza la kutoa mwelekeo wa msimu kwa pamoja. Makongamano hayo yameendelea, na taarifa tunazoitiwa sisi waandishi hutanguliwa nayo.

Lakini kuna jambo ambalo halifiki kwenye magazeti yetu. Utabiri wa vuli na utabiri wa masika havina nguvu sawa. Vuli inaisikiliza Pasifiki na Bahari ya Hindi, hivyo miezi miwili mitatu kabla unaweza kusema jambo la maana. Masika haisikilizi sana. Inakuja wakati kaskazi inaachia na kusi inajipanga, na mambo madogo ya wiki moja mbili huweza kuigeuza. Masika ya 2018 yalikuwa ya mafuriko. Ya 2019, kimbunga Idai kilipiga Beira katikati ya Machi, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki zikangoja mvua wakati mbegu ziko ardhini. Hakuna mtaalamu ambaye angekiona Idai mwezi Februari. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja mpaka Mafia wakati tunadhani msimu unafungwa. Wataalamu wanalijua hili na wanaandika uwezekano, wanahimiza watu wafuatilie utabiri wa siku kumi na wa mwezi. Vipande hivyo ndivyo vya kwanza kukatwa nafasi ikibana gazetini.

Mama yangu mdogo analima Handeni, ekari mbili na nusu. Mwishoni mwa Februari simu yake haikosi. Nikishamwamkia anauliza, "Mwanangu, hiyo mvua yenu inasemaje, nipande mapema au ningoje?" Nafungua taarifa. Handeni imo kwenye pwani ya kaskazini, ambayo kwenye sentensi moja inabeba Tanga, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, Unguja na Pemba. Pemba na Handeni! Huko ni mikarafuu imeloa, huku ni vichaka vinavyojulikana kwa kiu. Kwa haki, siku hizi mamlaka hutoa pia utabiri wa ngazi ya wilaya, na taarifa hutaja wiki ambazo mvua inatarajiwa kuanza. Mimi ningefuta nusu ya hotuba ya mgeni rasmi nichape jedwali hilo la wilaya, wiki ya kuanza na wiki ya kuisha, bila picha ya mtu yeyote ameshika kipaza sauti.

Kwa hiyo nikamsomea wiki, si "wastani". Akasikiliza, akaniuliza kama hao watu wana uhakika, nikamweleza yale ya vuli na masika. Akacheka, akasema basi ekari moja ataweka mahindi ya muda mfupi mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi vizuri, nyingine atasubiri wiki mbili, na ile nusu iliyobaki ni mtama, iwe iwavyo. Hela ya mbegu nilimtumia jioni ileile.