Usugu wa Dawa ni Suala la Utawala: Funzo la Hospitali ya Hammersmith

Mjadala wetu kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa umezoea kuwalaumu watu wawili: mgonjwa asiyemaliza dozi na muuza duka la dawa anayempa vidonge bila cheti cha daktari. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini inaificha taasisi ambayo historia ya tatizo hili inaitaja mapema zaidi, nayo ni hospitali.

Mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea katika tiba, Edward Abraham na Ernst Chain wa Chuo Kikuu cha Oxford walikwisha kueleza kimeng'enya cha bakteria chenye uwezo wa kuiharibu. Alexander Fleming naye, katika mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitahadharisha kuwa dozi pungufu zingewazoesha bakteria kuihimili dawa hiyo. Hakuna awezaye kusema kuwa dunia haikuonywa.

Yaliyofuata yalionekana katika Hospitali ya Hammersmith, London. Huko, mtaalamu wa bakteria Mary Barber alichunguza stafilokokasi, yaani bakteria wa majipu na vidonda vyenye usaha, waliopatikana kwa wagonjwa. Mwaka 1946, takriban asilimia 14 walikuwa sugu kwa penisilini. Mwaka 1947 asilimia 38. Mwaka 1948 asilimia 59. Barber alibaini kuwa usugu huo haukuzaliwa upya ndani ya mwili wa kila mgonjwa. Bakteria waliokwisha kuwa sugu ndio waliokuwa wakisambaa hospitalini. Penisilini iliwaondoa wale dhaifu, na walionusurika wakapata nafasi ya kuenea kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa.

Tumaini likawekwa katika dawa mpya, methisilini. Lakini mwaka 1961, muda mfupi tu tangu dawa hiyo ianze kutumika, Patricia Jevons alitangaza kuwa stafilokokasi sugu kwake wamepatikana Uingereza.

Hammersmith ilikuwa imejaribu njia nyingine. Mwaka 1960, Barber na wenzake walichapisha matokeo yake katika jarida la British Medical Journal: matumizi ya penisilini yalibanwa, dawa nyingine zikatolewa mbili kwa pamoja, na kiwango cha usugu kikashuka. Ili hilo liwezekane, madaktari walipaswa kukubali kwamba uhuru wa kuandika dawa una mipaka, na uongozi ulipaswa kuisimamia mipaka hiyo. Huo ni uamuzi wa kiutawala.

Tanzania ilikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu wa dawa wa mwaka 2017 hadi 2022. Mpango ni mwanzo mzuri, ila thamani yake hupimwa wodini. Je, bomba la wodi ya upasuaji linatoa maji? Sabuni ipo? Maabara inaweza kuotesha usaha wa mgonjwa ili daktari ajue dawa ifaayo, au anabahatisha? Nani anapitia maagizo ya dawa yaliyoandikwa mwezi uliopita?

Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Mtumishi wa umma anayeandaa bajeti ya hospitali, na mwanaharakati anayeihoji bajeti hiyo, waanzie kwenye maswali hayo. Mgonjwa aliyelazwa hawezi kujinunulia usafi wa wodi nzima.